Mvumo wa Kilomita 75

Ukitoka Igoma, hapa Mwanza, kuelekea Kisesa, ukishapita bodaboda na wachoma mahindi, barabara ya Musoma inafunguka na mguu wenyewe unajua cha kufanya. Hapo ndipo gari la marehemu baba lilipokuwa likianza kuimba. Kilomita 60 kwa saa, kimya. Kwenye 68 unasikia kitu kwa mbali, kama jenereta ya jirani. Kwenye 75 sakafu nzima inavuma, kioo cha ndani kinatetema mpaka gari moja la nyuma linaonekana matatu, na Mama anashika mpini wa mlango bila kusema neno. Ukivuka 85 mvumo unafifia. Ukipunguza mwendo unarudi palepale ulipouacha.

Niliishi na mvumo huo mwaka mmoja na miezi miwili. Ninaandika haya kwa sababu wenye magari ya zamani waliobadilisha injini na gia boksi wananiuliza niliumalizaje, na kwa sababu nilitumia pesa nyingi kutengeneza vitu ambavyo havikuwa vibovu. Sitaki mwingine apite njia hiyo.

Gari ni Datsun 120Y ya 1977. Baba alikuwa bwana shamba wa pamba, na gari hilo limekanyaga vumbi la Magu, Misungwi na Kwimba kuliko nilivyokanyaga mimi kwa miguu. Aliipenda Datsun kwa sababu ya Safari Rally. Shekhar Mehta alishinda mashindano hayo mara tano, mwaka 1973 na kisha 1979 hadi 1982 mfululizo, zote kwenye magari ya Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, na Baba aliitaja miaka hiyo kwa utaratibu uleule aliotumia kutaja miaka tuliyozaliwa sisi.

Alipofariki, gari lilikaa chini ya mwembe miaka sita. Injini yake ya awali, A12 ya cc 1,171, ilikuwa imekwama. Nikaweka A15 ya cc 1,488, ndugu wa damu wa ile ya kwanza, iliyotoka kwenye Vaneti iliyopata ajali. Nikaifunga na gia boksi ya gia tano niliyoipata kwa wauza spea za mitumba. Gia boksi hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo propela shafti, lile bomba refu linalopeleka mzunguko wa gia boksi kwenye magurudumu ya nyuma, ikakatwa na kuchomelewa upya, na kile chuma kinachobeba mkia wa gia boksi kikasogezwa nyuma. Njia ya kufika kwangu ni ya mawe, kama njia nyingi za Mwanza zinazopanda kwenye miamba, hivyo fundi akaweka vipande vya chuma chini ya maunti, ule mpira ambao gia boksi inakalia, ili mkia uinuke usije ukagonga. Kwa sababu hiyohiyo ya mawe, springi za nyuma zikaongezwa jani moja moja na kufungwa shako ndefu (vishikio vinavyounga mwisho wa springi na bodi), gari likanyanyuka.

Mabadiliko matatu. Kila moja lilikuwa na sababu nzuri, na kila moja lilifanywa na mtu anayejua kazi yake. Hakuna aliyeyapima yote matatu kwa pamoja, mimi nikiwemo.

Mvumo ulipoanza nilifanya wanachofanya wote. Nilisawazisha magurudumu. Nikayasawazisha tena kwa mtu mwingine. Nikanunua matairi mawili. Nikabadilisha krosi zote mbili, vile viungo vya kukunjika kwenye ncha za shafti, na ile ya mbele nikaibadilisha tena baada ya miezi mitatu kwa sababu ilianza kulia kama panya. Mwisho nikaivua shafti, nikaifunga kwenye gunia, nikaipakia kwenye basi la Dar es Salaam ikasawazishwe kwenye mashine. Ilirudi na vibati viwili vya uzito vimechomelewa, kazi safi kabisa. Nikaifunga Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi nikatoka Igoma.

68, jenereta ya jirani. 75, sakafu inavuma.

Leo najua kwamba safari ile ya shafti ilinipa jibu, ila sikulisoma. Uzito usiolingana ukipungua, mtetemo wake unapungua nao. Huu wangu haukupungua wala kusogea hata kilomita moja. Kitu kilichokuwa kinavuma hakikuwa ndani ya shafti.

Baba mdogo alikuja kuniona wakati huo. Alifanya kazi miaka mingi chumba cha injini kwenye meli za ziwani, na hapa kwetu ukitaja propela watu wa rika lake wanafikiria kwanza ile inayosukuma maji. Nilimsimulia. Akavua shati, akalala kwenye turubai chini ya gari pamoja na tochi yake, akakaa huko muda mrefu.

"Mwanangu," akaniambia alipotoka, "shafti yako imepinda kiuno. Shafti inataka kunyooka."

Kwenye meli maneno hayo ni kweli tupu. Shafti ya propela haina krosi. Flanji (sahani ya kuungia) ya injini na flanji ya shafti zinakutanishwa uso kwa uso, unapitisha fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, pande zote nne, na nafasi ikizidi upande mmoja hata kwa unene wa karatasi, beringi zitakuonyesha kabla hujafika Bukoba. Aliyakumbuka hayo alipoona pua ya difu yangu, lile sanduku la gia katikati ya eksili ya nyuma ambalo shafti inaingilia, inatazama mbele huku shafti ikija kutoka juu. Tukachonga kabari, tukaziweka kati ya springi na eksili, tukainua pua ya difu mpaka ikatazamana na shafti moja kwa moja. Ukichungulia kutoka nyuma ulikuwa unaona mstari mmoja, na mimi nikaamini tumemaliza.

Mvumo uliongezeka. Baada ya miezi miwili krosi ya nyuma, ambayo haijawahi kunisumbua, ikaanza kugoma kugeuka. Nilipoifungua, miguu yake ilikuwa na mistari iliyochimbika, kila mstari mahali sindano moja ya beringi ilipokuwa imelala bila kusogea.

Hapo nitasimama kidogo kueleza krosi inavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo mengine yote ni kubahatisha.

Mtazame mtu anayepanda mlima wa Bugando kwa baiskeli. Mguu mmoja ukishuka, baiskeli inajivuta mbele. Pedeli zikifika juu na chini kabisa, inalegea. Mguu wa pili unashuka, inajivuta tena. Pedeli zimezunguka mara moja, baiskeli imejivuta mara mbili. Krosi inayozunguka ikiwa imekunjwa hufanya hivyohivyo. Upande unaoingiza nguvu unazunguka kwa mwendo mmoja, lakini upande wa pili unakimbia na kuchelewa, unakimbia na kuchelewa, mara mbili kwa kila mzunguko. Hii haitokani na ubovu wala uchakavu. Ndivyo kiungo hiki kilivyo, hata kikitoka dukani leo. Mwingereza Robert Hooke alishakifanyia kazi karne ya 17, kabla hakujakuwa na gari lolote la kukifungia.

Kukimbia na kuchelewa huko kunategemea pembe ya mkunjo, na kunapanda haraka kuliko pembe yenyewe. Chukua gia boksi inayozungusha mara 3,000 kwa dakika. Krosi ikiwa imekunjwa digrii 3, mwendo wa shafti unapanda na kushuka kwa mizunguko 4 hivi kila upande wa 3,000. Ikunje digrii 6, mara mbili tu, na sasa unapanda na kushuka kwa mizunguko 16, yaani mara nne. Digrii 10 inakupa 46. Shafti ni chuma kizito, na kukiharakisha na kukizuia mara 6,000 kwa dakika kunahitaji nguvu ambayo lazima iegemee mahali. Inaegemea kwenye maunti, kwenye springi, kwenye sakafu aliyokanyaga Mama.

Dawa yake ni krosi ya pili. Ikikunjwa kwa pembe ileile kama ya kwanza, na masikio ya shafti yanayoshika krosi, ya mbele na ya nyuma, yakilala kwenye mstari mmoja, basi pale ya kwanza inapokimbiza ya pili inachelewesha, na difu inapokea mwendo laini kama uliotoka kwenye gia boksi. Kwa hiyo mkia wa gia boksi na pua ya difu vinatakiwa kwenda sambamba, kama reli mbili ambazo hazikai usawa mmoja. Havitakiwi kutazamana. Mkunjo unabaki, ila unakuwa sawa mbele na nyuma. Na hata ukiwa sawa uwe mdogo, digrii 3 au chini kwa gari la kukimbia, kwa sababu shafti yenyewe iliyo katikati bado inakimbia na kuchelewa hata kama difu haijui.

Pembe sifuri nayo inaua. Sindano za beringi ndani ya vikombe vya krosi zinahitaji kutembea kidogo kila mzunguko ili zigawane kazi na kusambaza grisi. Ukinyoosha kabisa, zinalala mahali pamoja na kuchimba, kama nilivyoona kwenye krosi yangu ya nyuma. Angalau nusu digrii, na mimi sasa nisingekubali chini ya 1.

Kuna shafti ambazo maneno ya Baba mdogo yangekuwa sahihi hata barabarani. Zile zenye krosi mbili zilizobanana pamoja upande wa mbele, zinazoonekana kwenye baadhi ya magari ya fowili yaliyoinuliwa sana, hujisawazisha zenyewe huko mbele, na hapo pua ya difu inatakiwa kweli kuitazama shafti. Yangu ni krosi moja mbele, moja nyuma. Nayo malori yenye shafti mbili na senta beringi yana hesabu yake nyingine, ambayo sitaigusa hapa.

Nilikuwa bado sijayajua hayo kwa mpangilio huu. Kilichonifungua macho ni kwaya.

Mimi naimba besi kanisani. Jumamosi moja nikirudi kutoka mazoezini ya pamoja Magu, gari likaanza kuvuma na nikajikuta nimeuchukua ule mvumo kwa mdomo uliofungwa, kama tunavyofanya tukisubiri sauti ya kwanza iingie. Ulinikaa kifuani vizuri. Nikaendelea nao, nikafika nyumbani nikiwa bado ninao. Mke wangu ana programu ya kusawazishia gitaa kwenye simu, ile inayoonyesha nyuzi inatetema mara ngapi kwa sekunde. Nikaimba mbele ya simu, ikaandika 92.

Siku iliyofuata nikapiga mstari wa chaki kwenye tairi la nyuma, nikasukuma gari mpaka tairi lizunguke mara moja, nikapima ardhini: mita 1.76. Nikainua nyuma, nikaweka stendi mbili imara chini ya eksili (jeki peke yake usilale chini yake, hata kwa dakika moja), nikapiga chaki nyingine kwenye shafti. Mimi na mke wangu tukazungusha magurudumu yote mawili pamoja mara moja, na shafti ikazunguka mara 3.9.

Kilomita 75 kwa saa ni mita 20.8 kwa sekunde. Ukigawanya kwa 1.76, gurudumu linazunguka karibu mara 12 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.9, shafti inazunguka mara 46. Na 46 mara mbili ni 92.

Niliiangalia karatasi ile muda mrefu. Mtetemo wa gurudumu ungekuwa 12 kwa sekunde, kitu unachokihisi kwenye makalio na usukani wala huwezi kukiimba. Shafti isiyosawazishwa, au iliyopinda, ingetoa 46, pigo moja kwa kila mzunguko. Gari langu lilikuwa linatoa pigo mbili kwa kila mzunguko, na ndani ya shafti nzima kitu kinachohesabu mbili mbili ni krosi iliyokunjwa vibaya.

Palibaki shaka moja, nayo ni ya haki, kwa hiyo usiiruke ukifanya hesabu hii kwako. Injini ya silinda nne nayo hupiga moto mara mbili kwa kila mzunguko wake. Ukiwa gia ya nne, ambayo kwenye gia boksi yangu ni moja kwa moja, injini na shafti zinazunguka sawasawa, na zote mbili zitakupa 92 hiyohiyo. Ungeweza kuilaumu propela kwa kosa la maunti ya injini. Kwa hiyo tulirudi barabarani, mke wangu akiwa na simu. Kasi tuliisoma kwenye simu nyingine, maana spidomita ya gari lililobadilishwa matairi na gia boksi si ya kuaminiwa. Gia ya tano, 75: injini ilishuka mizunguko, mvumo ukabaki uleule. Nikatafuta kipande kitupu cha barabara, nikafika 85, nikatoa gia na kuacha gari liteleze kwa frii. Tulipopita 75 mvumo ulipita nasi, umepungua nguvu lakini noti ileile. Na kila nilipoachia mafuta ghafla nikiwa kwenye gia, ulibadilika, ukawa mzito zaidi. Hiyo ni eksili inayojizungusha kwenye springi zake. Ukikanyaga, pua ya difu inainuka. Ukiachia, inainama. Pembe inabadilika na sauti inabadilika nayo.

Sasa palihitajika kupima, na hapa ndipo nilipokuwa nimekwama kwa wiki kadhaa, kwa sababu kila maelekezo niliyopata yalisema gari liwe mahali tambarare kabisa. Mwanza! Fundi niliyemwendea ana gereji yake Mabatini, kijana aliyesoma VETA, na shimo lake la kukagulia magari limechimbwa kwenye mteremko kama kila kitu kingine upande ule. Nikamwambia tutafute kwanza sehemu iliyonyooka.

Akanicheka kidogo kwa adabu. "Kaka, gari zima limeinama pamoja."

Ni kweli, na ilinipasa kuliona mwenyewe. Hatukuhitaji kujua gia boksi imeinama kiasi gani kutoka kwenye usawa wa ziwa. Tulihitaji kujua gia boksi na shafti vimepishana kiasi gani, na shafti na difu. Mteremko unaongeza namba ileile kwenye vipimo vyote vitatu, na ukitoa kimoja kwenye kingine unaondoka. La lazima ni gari lisisogee kati ya kipimo na kipimo, na likae kwa magurudumu yake, na mzigo wake wa kawaida. Ukilinyanyua kwa bodi eksili ikaning'inia, pembe unazopima si za gari unaloendesha. Sisi tuliweka nusu tenki ya mafuta na mifuko miwili ya saruji kiti cha nyuma.

Kifaa chake kilikuwa kipima pembe cha kidijitali chenye sumaku, kidogo kama kiberiti cha jikoni. Kwa shafti, alikibandika kwenye bomba lenyewe. Kwa gia boksi, alizungusha shafti mpaka kikombe cha krosi kilichoshikwa na sikio la gia boksi kikaelekea chini kabisa, akakibandika kwenye uso wa kikombe. Kwa difu akafanya vilevile upande wa nyuma. Alipima kila sehemu mara tatu, na nilipenda kwamba hakuandika kitu mpaka namba mbili zifanane.

Gia boksi ilikuwa inashuka kwenda nyuma kwa digrii 3.8. Shafti 9.8. Difu 9.1.

Kwa hiyo krosi ya mbele ilikunjwa digrii 6.0, na ya nyuma 0.7. Ya mbele ilikuwa inakimbiza na kuchelewesha kwa nguvu zake zote, ya nyuma imenyooka haina cha kujibu. Vile vipande chini ya maunti viliinua mkia wa gia boksi ukapoteza mteremko wake. Shako ndefu ziliinua gari na kuizungusha eksili, pua ikaenda juu. Kabari zetu mimi na Baba mdogo zikamalizia. Tulikagua pia kama masikio ya shafti yalichomelewa kwenye mstari mmoja, kwa sababu shafti iliyokatwa mara nyingi hukosea hapo. Yalikuwa sawa, na heshima kwa aliyechomelea.

Kazi ilichukua siku tatu, na sehemu kubwa ilikuwa ya kuondoa. Tuliondoa vipande chini ya maunti. Mkia ulishuka, tukapoteza sentimita mbili na ushee za nafasi juu ya mawe, na nimekubali kupita polepole. Tukarudisha shako za awali na kuacha jani la nyongeza libaki. Kabari zetu zikatoka.

Kisha tukahitaji kabari nyingine za kuelekea upande wa pili. Gari la springi za majani halifungwi sambamba kabisa likiwa limesimama, kwa sababu ile pua itainuka utakapokanyaga mafuta. Unaiacha imeinama kidogo chini ya sambamba, ili ikibeba nguvu ije ilingane. Kwa injini ya nguvu za kawaida kama A15, digrii 1 hadi 2 zinatosha. Tuliamua digrii moja na ushee. Baada ya kurudisha kila kitu, difu ilikuwa inasoma 6.7, na tulitaka 4.2. Kabari ya digrii 2.5, basi. Kwa urefu wa sentimita 10 ina maana upande mmoja unazidi mwingine kwa milimita 4.4. Fundi kerezi wa jirani alizichonga kutoka kwenye bamba la chuma, akatoboa katikati kichwa cha senta bolti, ile inayobana majani ya springi pamoja, kipite na kukaa kwenye tundu lake. Eksili ya 120Y inakaa juu ya springi, kwa hiyo upande mnene wa kabari ulielekea nyuma, ukainua mgongo wa eksili na kuinamisha pua. Ukikosea upande utajikuta digrii 5 mbali na unapotaka, kwa hiyo chora kwanza kwenye karatasi na usione aibu. Yu-bolti, zile zinazofunga eksili kwenye springi, tuliweka mpya. Za zamani zikishavutwa mara moja hazikazi tena kama inavyopasa, na kuna kitu kipya kati ya springi na eksili cha kubana. Krosi nazo mpya, zote mbili.

Kabla ya kufunga, fundi aliisukuma shafti mbele mpaka mwisho ndani ya mkia wa gia boksi, akaweka alama, akairudisha. Ilibaki milimita 22 za kuchezea. Shafti ikigota mbele springi zinapobonyea, itavunja beringi ya mkia, na kwenye gari lililobadilishwa urefu wa shafti ndiko hilo linakosahauliwa.

Gari lilelile, shimo lilelile, saruji ileile. Gia boksi 5.5. Shafti 8.0. Difu 4.2. Mbele 2.5, nyuma 3.8 ikiwa imesimama, na ikivuta nyuma inakuja kuikaribia ya mbele.

Nilimpigia simu Baba mdogo, nikamchukua tukaenda naye. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Nilimwamkia, nikampa kiti cha mbele, tukashika barabara ya Magu. Kwenye 60 aliweka kiganja chake kwenye mgongo wa katikati ya sakafu, juu kabisa ya shafti, namna nadhani alivyokuwa anagusa mashine usiku kwenye meli. 68. 75. 80. Hakukiondoa. Tulipopita Kisesa akaniuliza tumeinyoosha vipi. Nikamweleza kwamba hatukuinyoosha, tuliikunja sawasawa mbele na nyuma. Alikaa kimya kidogo, akatumia mikono yake miwili kutengeneza krosi mbili hewani, akazizungusha.

"Moja inaharakisha, nyingine inangoja," akasema. "Basi hiyo ya meli ingevunjika."

Kitu kimoja kilibaki. Kwenye 95 kulikuwa na mtetemo mwembamba, na nilipouimba kwenye simu ukasoma 58. Nilifanya hesabu ileile: kwa mwendo huo shafti inazunguka mara 58 na nusu kwa sekunde. Pigo moja kwa kila mzunguko, kwa hiyo safari hii ilikuwa ni uzito kweli, na sababu yake ilikuwa wazi, krosi mpya zilifungwa baada ya shafti kusawazishwa na hazikukaa katikati kabisa. Sikuirudisha Dar. Tuligawa shafti kwa chaki sehemu nne karibu na difu, tukafunga klipu ya mpira wa rejeta, kichwa chake kikiwa kwenye alama ya kwanza, nikaenda barabarani na kurudi. Alama ya pili, mbaya zaidi. Ya tatu, karibu kimya. Tukaongeza klipu ya pili, tukavitenganisha vichwa vyake kidogo kushoto na kulia mwa alama ya tatu mpaka mtetemo ukaisha. Inachukua asubuhi moja, na klipu mbili ni pesa ya chai.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Mama Busisi kwa njia ya Usagara, apite kwa mara ya kwanza kwenye daraja la Kigongo. Amevuka pale kwa kivuko maisha yake yote, saa nzima na zaidi siku za foleni, akiwa na Baba kwenye gari hilihili. Daraja ni refu, kilomita 3, na lami yake ni laini kiasi kwamba kama propela ina neno la kusema itasemea pale. Nilikaa 75 makusudi. Mama alikuwa ameweka mikono mapajani, anatazama maji upande wa kaskazini, ananionyesha mahali walipokwama usiku mmoja na magunia ya mbegu. Alikuwa anaongea kwa sauti ya kawaida, na nilikuwa ninamsikia.

Baada ya kilomita 300 nilirudi Mabatini kukaza yu-bolti, maana kabari mpya hujikalisha. Zote nne zilikubali robo mzunguko. Tukaingiza gari kwenye shimo, tukapakia saruji, tukapima tena. Difu ilisoma 4.3. Hatukuigusa.